Nirudishie Tone Langu

Aliyepiga kigelegele kirefu kuliko wanawake wote siku Kidawa alipotangazwa ni Mwalimu Mwantumu, na kigelegele kile kilimkwaruza koo kama aliyemeza mwiba wa samaki. Watu walimgeukia wakatabasamu. Walisema, mtazameni mama mwenye moyo mweupe, mwanafunzi wake mwenyewe kampita na bado anamshangilia. Moyo mweupe gani, jamani? Saa ile moyo wa Mwalimu Mwantumu ulikuwa na masizi kama kitako cha chungu.

Ukumbi wa Shule ya Serikali ya Kivuleni ulifurika. Ukuta wa mbele, ule unaopokea habari, ulionyesha uso wa Kidawa mkubwa kama mlango, na chini yake maandishi: Mkurugenzi wa Elimu, Jimbo la Umba. Tangu bahari ilipoila miji ya pwani na watu wakapanda huku bondeni kuanzisha jimbo jipya, kiti kile hakijawahi kukaliwa rasmi na mwanamke. Walimu wa kike walijaa madarasani pomoni. Kwenye viti vya juu ungewatafuta kwa tochi mchana kweupe.

Akina mama walivaa kanga hai, zile ambazo nyuzi zake husikiliza mapigo ya moyo wa mvaaji na kuandika jina linalofanana nayo. Ukumbi mzima ulikuwa unasomeka furaha: MOLA HAMTUPI MJA WAKE. LEO NI ZAMU YETU. Mwalimu Mwantumu peke yake alijifunga kanga mfu ya pamba, yenye maneno yaleyale tangu itoke kiwandani. Akiulizwa hujibu kwamba yeye ni mtu wa zamani. Ukweli ni kwamba aliijua roho yake, na hakutaka isomwe na kila apitaye nyuma yake.

Kidawa alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu, akaja kupiga goti mbele yake. Alifanya hivyo tangu darasa la kwanza, na hata sasa na ukurugenzi wake hakuacha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana."

"Mwalimu, nina ombi. Nataka niliseme hapahapa mbele ya watu." Kidawa alimshika mikono yote miwili. "Naomba wewe ndiye uwe mtoaji wangu kwenye mimino, uniachie ujuzi wako."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mtu anakataaje mbele ya ukumbi mzima? Mwalimu Mwantumu aliinamisha kichwa kukubali, na mtu wa mbali angedhani amezidiwa na furaha.

*

Sasa mtu asimhukumu kabla ya kujua alikotoka. Mara tatu kiti kile kilibaki wazi, na mara tatu waliitwa watu wakaulizana nani atashika kwa muda, wote wakamtaja Mwantumu. Kaimu Mkurugenzi. Alikesha na mitaala, akapatana na wakandarasi waliokuwa wakijenga madarasa yasiyo na madirisha, akawatuliza wabunge wenye midomo. Kisha angekuja mwanaume na begi lake jipya, amshukuru, akalie kiti. Mmoja wao alimuuliza chai hapa ofisini huchemshiwa wapi. Watu wa mjini wakampa jina, Mama Kaimu, na hawakuwa na nia mbaya, jambo ambalo lilizidi kumuuma.

Halafu mlango ukafunguliwa. Sheria mpya ikasema zamu hii achaguliwe mwanamke, na papo hapo ikasema asiwe amepita miaka hamsini, maana kazi ni ya vipindi viwili. Mwantumu alikuwa ameshaipita. Alikuwa ameugonga mlango ule mpaka vidole vikaota sugu, na ulipofunguka akaambiwa asogee, apishe wenye damu changa.

Kwa hiyo alikuwa anaona wivu. Tuuseme kwa jina lake. Si ule wa mapenzi, ambao watu huuimba. Huu ulikuwa wivu wa kiti, wivu wa jina mlangoni, wivu wa kuona mtoto uliyemfundisha kushika penseli akipewa bure kile ulichokitolea jasho. Usiku na mchana ulimtafuna. Alikuwa akichambua dagaa jikoni peke yake siku moja akajikuta anasema kwa sauti, "Nani kakuita wewe, mtoto wa kulilia penseli?" Akashtuka, akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Alasiri ile ndipo Bwana Shemndolwa alipopiga hodi, na kikapu cha machenza mkononi.

Bwana Shemndolwa alikuwa Naibu Mkurugenzi, mtu wa suti iliyonyooka na sauti laini. Kidawa akishindwa kuapishwa kabla mwezi haujaandama, kiti kilikuwa chake, na hilo hakulificha kwa mtu.

"Karibu, Bwana Naibu. Karibu chai."

"Nishakaribia, Mwalimu." Alikaa, akasifu pazia, akasifu maua, akasifu chai. Kisha akasema, "Nasikia unakwenda kumimina."

"Nimeombwa."

"Ni heshima kubwa. Umesikia lakini yaliyomkuta yule mama wa jimbo la jirani?"

"Yule aliyejiuzulu?"

"Huyohuyo. Mtoaji wake alikuwa na neno naye moyoni, hakulisema. Wakawekwa kwenye mashine. Basi lile neno likapita pamoja na ujuzi. Yule mama kila akitaka kuamua jambo anajisikia kinyaa, anajisikia hastahili. Mwaka haukuisha akaondoka mwenyewe kwa miguu yake." Alimenya chenza taratibu. "Mafundi wanaita mashapo. Yanatoka kwa mtoaji yanatua kwa mpokeaji."

"Na mtoaji?"

"Aa, mtoaji! Ananenepa. Kinachomiminwa kinatoka chote, Mwalimu. Nasikia ana amani kama mtoto mchanga."

Mwalimu Mwantumu alimtazama. "Kwa nini unaniambia haya?"

"Kwa kuwa nakuheshimu. Wengine walikuita Mama Kaimu, mimi sikuwahi. Sikuombi ufanye lolote. Wewe nenda kamimine kama ulivyo. Mtu kuwa alivyo si dhambi."

Hapo angemfukuza. Angemtupia machenza yake barabarani mtaa mzima ukashuhudia. Badala yake alimuuliza kama anataka chai nyingine.

*

Nyumba ya mimino ilikuwa kilimani, imeezekwa kwa vigae vinavyokunywa umande. Fundi wake aliitwa Penina, mwanamke mfupi wa milimani mwenye miwani na mzaha mkavu. Aliwakalisha Mwalimu Mwantumu na Kidawa kwenye viti viwili vinavyotazamana, kioo kikubwa ukutani, akaanza kuwaeleza huku akiwavika kofia za wavu.

Mimino ilibuniwa na wahandisi wanawake waliochoka kuuliza swali moja: mbona wasichana wanafaulu, wanaajiriwa, halafu wanaishia katikati ya ngazi? Wakagundua kwamba wanaume walikuwa wakirithishana siku zote bila mashine yoyote. Walirithishana kwenye baraza la kahawa, kwenye bao, kwenye safari za kikazi, mkubwa akimnong'oneza mdogo namna ya kukaa na waziri na wakati wa kunyamaza. Mwanamke jioni yuko jikoni. Nani amnong'oneze?

"Kwa hiyo hii ni baraza yenu, ila inakwenda mbio," alisema Penina. "Haipitishi habari. Tarehe na sheria utasoma mwenyewe. Inapitisha mazoea ya mwili. Namna Mwalimu anavyoingia ukumbini watu wakanyamaza, kwa mfano."

"Na yeye anabaki nayo?" aliuliza Kidawa.

"Mwalimu ameshaelezwa. Ni kama fundi nguo anayetaka kiolezo cha gauni zuri la zamani. Hakipati mpaka alifumue. Analishona tena, lakini halikai mwilini kama mwanzo."

Kidawa aligeuka, macho yamejaa machozi. "Mwalimu, sikujua hilo. Tuache."

"Nyamaza," alisema Mwalimu Mwantumu. "Mimi nastaafu. Nitayapeleka wapi?"

Penina alimsogelea. "Swali la mwisho, na ni la lazima. Una kinyongo na mpokeaji?"

"Sina."

"Wivu?"

"Nimwonee wivu mtoto niliyemfundisha kushika penseli?"

Swali si jibu. Lakini Penina alikuwa na kazi nyingi siku ile, akalipokea kama jibu.

Walianza na onjo. Ni kawaida, hupitishwa zoea moja dogo kwanza kuona kama njia iko wazi. Penina alichagua unyusi. Bonde zima liliujua unyusi wa kushoto wa Mwalimu Mwantumu. Ukipanda, darasa la watoto sitini linasikia inzi akitua. Aliambiwa afumbe macho aukumbuke, akaukumbuka, kukawa na joto nyuma ya masikio, kisha ubaridi, kisha basi.

"Haya, Mwalimu. Jaribu."

Alijitazama kiooni akajaribu kuupandisha. Nyusi zote mbili zilipanda pamoja, akaonekana kama mtu aliyeguswa na maji ya baridi. Kidawa akajaribu, na unyusi wake wa kushoto ukapanda peke yake, taratibu, kwa mamlaka, mpaka Penina mwenyewe akakaa vizuri kitini.

Halafu Kidawa akajiona kwenye kioo. Mdomo wake ukapinda kwa kinyaa.

"Mbona najiona kama nimevaa nguo ya wizi?" alisema, akacheka kidogo, cheko lisilo na mwenyewe.

"Utazoea," alisema Penina.

 Mwalimu Mwantumu alikuwa akisikiliza jambo ndani yake. Tone moja lilikuwa limetoka. Pale kifuani palipokuwa pakiungua kwa miezi palikuwa na nafasi ndogo ya ubaridi. Jioni ile alikula wali akamaliza sahani, akalala bila kugeukageuka. Utamu ule ulimtisha. Haukumtisha vya kutosha.

*

Kidawa alikutana na Kamati ya Elimu ya Jimbo siku chache baadaye, na Mwalimu Mwantumu alialikwa kukaa pembeni kama mshauri. Bwana Shemndolwa alikuwepo, na kalamu yake, na tabasamu lake.

Pendekezo la Kidawa lilikuwa zuri, na Mwalimu Mwantumu alilionea wivu hilo pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kulifikiria. Kila shule yenye mkuu mwanaume iwe na mwanamke anayeandaliwa, akae naye kwenye kila kikao kizito, aende naye kila safari. Asiwe wa kuandika kumbukumbu wala wa kuagiza chai. Wanawake wanne walikuwa wameshasimama kwenye mstari nyuma ya Kidawa wakisubiri viti vya wilaya. Akifanikiwa, watapita. Akianguka, wataambiwa mmejaribiwa mkaonekana hamwezi.

Mjumbe mmoja alianza kubwata. Kidawa akapandisha unyusi, na mjumbe akakatika katikati ya neno. Chumba kikanyamaza. Wakati ukawa wake.

Lakini hakusema. Alisimama na ule ukimya aliouleta mwenyewe, uso umemsawijika, mkono umeshika ukingo wa meza. Alianza sentensi, akaiacha. Akaanza nyingine.

"Pole, mama," alisema Bwana Shemndolwa kwa huruma tele. "Kaa kidogo. Tumletee maji."

Alasiri yake Kidawa alikuja nyumbani kwa Mwalimu Mwantumu. Alipiga goti, akaamkia, akaitikiwa. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Mwalimu, najitoa."

"Unajitoa nini?"

"Kazi. Kesho nakwenda kuwaambia wampe Bwana Naibu. Mimi sistahili."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Liko ndani." Alijipiga kifuani. "Kila nikitaka kufungua mdomo kuna neno linanitangulia. Nani kakuita wewe, mtoto wa kulilia penseli? Sijui hata nimelitoa wapi. Mama yangu hawezi kuniambia neno kama hilo."

Mwalimu Mwantumu alikaa. Neno lile alilisema jikoni, peke yake, na dagaa mkononi.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Ndiyo shida ya dhambi nyingine, haidai hata ujisogeze. Angesema, "Pole mwanangu, Mungu hakupenda," Kidawa angekwenda zake, Shemndolwa angekaa, na hakuna kiumbe angejua. Na yeye asingebaki peke yake kuwa mwanamke aliyekikaribia kiti akakikosa. Tena, na hili lilimjia kwa aibu, angeweza hata kumshawishi amalizie mimino kwanza, "labda itasaidia," apate kulitua zigo lote na kulala kila usiku kama alivyolala siku ile.

Akamwangalia yule msichana. Alikuwa amekunja vidole vyake ndani ya viganja, kama alivyokuwa akifanya darasa la kwanza penseli ilipopotea.

"Usiondoke," alisema Mwalimu Mwantumu. Akaingia jikoni, akarudi na bakuli la maji.

Kwao kulikuwa na desturi. Kabla mwari hajatolewa nyumbani kwenda kwa mume, au kijana hajaenda safari ndefu, mkubwa mwenye neno naye humsimamisha uso kwa uso. Husema yote yaliyomo moyoni, bila kuyapaka sukari, kisha hushika maji kinywani na kuyatema nje ya mlango. Usiposema, baraka utakazotoa huwa zimechacha. Shangazi yake, Bi Mwanasiti, ndiye aliyekuwa akisimamia. Alisema maji hayafuti kitu. Kazi yake ni kukulazimisha utaje, kwani kitu usichokitaja hujui kilipo, na usichojua kilipo kitatoka wakati wowote kimuume mtu. Ukishakitaja unaweza kukikalia.

Mafundi waliifikiria mashine nzima na kofia zake. Hilo la kusimamishana uso kwa uso hawakuliweka.

"Simama hapa," alisema. "Nitasema, na wewe usijibu."

Kidawa akasimama.

"Nakuonea wivu, Kidawa. Sikuonei gere kidogo ya kutaniana. Nakuonea wivu unaonichoma. Siku uliyotangazwa nilipiga kigelegele nikitamani ukuta ule ukatike umeme. Nilikaa kiti kile mara tatu, nikakitengeneza, nikawaachia wanaume, na sasa unakipata wewe na hata mvi huna. Nikiona jina lako nataka kulifuta. Nikisikia unasifiwa nakumbuka makosa yako ya hesabu. Lile neno la penseli ni langu. Nililisema jikoni humu. Penina aliniuliza kama nina wivu nikamrusha kwa swali, nikijua. Shemndolwa alikuja akaniambia litapita kwako, nikamimina chai nikanyamaza. Na lilipopita nililala vizuri. Hilo ndilo baya kuliko yote, nililala vizuri."

Alishika maji kinywani. Akaenda mlangoni akayatema uani.

Aligeuka. Labda alitarajia kukumbatiwa. Watu tukisema kweli mara moja tunataka tulipwe papo hapo. Kidawa alikuwa amechukua mkoba wake. Alipita pembeni yake bila kumgusa, na hakuaga.

*

Siku ya mimino kamili Mwalimu Mwantumu alifika mapema, akakaa kwenye kiti chake akitazama kile kilicho wazi. Penina alipiga miayo, akapanga kofia, akazipangua.

Kidawa aliingia. Hakupiga goti. Hakuamkia. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na meno ya utotoni, alimpita Mwalimu wake kama anayempita mtu wa njiani.

"Sikuja kukusamehe," alisema akikaa. "Nimekuja kuchukua ulichoniahidi. Wale wanne wananisubiri."

"Haki yako," alisema Mwalimu Mwantumu. Kisha akamgeukia fundi. "Penina, kabla ya yote, nirudishie tone langu."

"Tone gani?"

"Siku ile ya onjo nilikudanganya. Wivu ninao. Tone lake liko kwake. Nalitaka."

Penina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Watu huja hapa kuomba nisiwarudishie. Kulirudisha naweza, njia bado iko wazi. Lakini nikueleze vizuri, Mwalimu. Tukimimina yote, kila kitu ndani kinafunguliwa, na mashapo ndiyo mepesi kuliko vyote, yanakimbilia kutoka. Kuyazuia lazima uyashike wewe, muda wote, huku mengine ukiyaachia. Ukimaliza utakuwa huna ule ujuzi, na wivu wako utakuwa mzima. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kubaki hivyo."

"Nimeshautaja. Najua ulipo."

Kidawa alimtazama, mara moja tu, kisha akafumba macho.

Tone lilirudi likiwa na makali. Liliingia kifuani likakuta wenzake, na moto wote ukaamka upya. Upande wa pili uso wa Kidawa ukalainika, na vidole vyake vikakunjuka kimoja kimoja kwenye mkono wa kiti.

Kisha ikaanza yenyewe. Aliambiwa akumbuke, akakumbuka, na alichokumbuka kiliondoka. Ulienda ule mwendo wake wa kuingia ukumbini. Ikaenda sauti ya chini inayowafanya wabunge wainame kusikiliza. Ukaenda mkono wa kumwekea begani mzazi anayelia, uzito wake na muda wake. Yalikwenda mazoea yote ya maisha, na kila moja lilipopita mlangoni wivu nao uliinuka utoke nalo, kama mbuzi aliyeona zizi wazi. Ulimwambia, niache nami, utapumua. Ulimwambia, msichana huyu hata shikamoo hakukupa. Na ilikuwa kweli. Mwalimu Mwantumu aliukalia. Alikaza meno, jasho likamtiririka shingoni, akaukalia kwa uzito wake wote wa miaka yote ya ukaimu.

Penina alipomvua kofia alimuuliza kwa upole, "Umebakiwa na nini?"

"Nilichokuja nacho."

Kidawa alisimama mbele ya kioo. Akapandisha unyusi. Alijitazama kwa muda, akijiona mzima mzima, na mdomo haukupinda. Kisha akachukua mkoba, akatoka kwenda kwenye kamati yake.

*

Siku ya kuapishwa Mwalimu Mwantumu alifungua sanduku akatoa kanga hai aliyopewa zawadi zamani na hajawahi kuivaa. Alijifunga, akasubiri maandishi yapande. Yalipopanda aliyasoma, akafikiria kuivua, hakuivua.

Alipoingia ukumbini hakuna aliyenyamaza. Alikuwa amelitarajia hilo, na lilimuuma vilevile. Mshereheshaji alimwonyesha safu ya kati, wakati wakuu wastaafu walikuwa mbele, na yeye akakosa lile neno moja ambalo zamani lingemaliza jambo. Aliinua mkono, akaushusha. Basi akaenda kukaa alipoonyeshwa. Bwana Shemndolwa, aliyekuwa njiani akipeana mikono na watu, alisoma kanga yake, na tabasamu likamfutika usoni.

Kidawa aliapa. Kisha alisogea mbele kusema, na ukumbi ulikuwa na kelele, watoto, vigelegele, viti vikiburuzwa. Hakuomba kimya. Alisimama vile Mwalimu Mwantumu alivyokuwa akisimama, uzito mguu wa kulia, akangoja, na kimya kikaja kikitokea mbele kurudi nyuma mpaka mlangoni. Kilikuwa kizuri. Mwantumu hakuwahi kukiona akiwa upande huu, na alitamani kukinyakua.

Macho ya Kidawa yalitembea kwenye safu yakimtafuta mtu. Yakampata. Mwalimu Mwantumu akasimama, akageuka kidogo ili maandishi yaonekane vizuri, bila haya, mbele ya jimbo zima: WIVU NINAO, KINYONGO SINA.

Kidawa aliyasoma. Halafu, kwenye kipaza sauti, kabla ya kumtaja mgeni rasmi, kabla ya salamu za itifaki, alikunja goti pale pale jukwaani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yake haikufika mbali. Mama mmoja safu ya nyuma alimuuliza jirani yake yule bibi ni nani na amesema nini, na jirani akajibu hamjui. Mwalimu Mwantumu aliwasikia. Wivu ukampanda mpaka kooni, mzima, haukupungua hata tone. Akakaa, akaukalia. Na wanawake walipopiga vigelegele naye alipiga chake. Kilikuwa kifupi, na hakikumkwaruza popote.